Zawadi ya Noeli kwa Kijana Usiyemjua



Majilio yakiingia, jamaa nyingi za Kikatoliki hufanya shauri moja jema: mbali na karamu ya nyumbani, watoe pia zawadi kwa mtoto asiye na wa kumpa. Kutoka Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni, hata Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, Jumuiya Ndogo Ndogo huchanga, vyama vya kitume huchanga, na hata wafanyakazi wa ofisi moja huchanga. Siku ikifika hupakia mchele, sukari, mafuta, sabuni na pipi, wakaenda kwenye makao ya watoto. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, wala hatuandiki leo ili kulilaumu. Twaandika kwa sababu katika ukarimu huo yuko mmoja anayesahauliwa mara nyingi, naye ni kijana: mvulana au msichana wa miaka 13 hadi 18.

Mtoto mdogo hatusumbui sana. Aliye mchanga ahitaji maziwa na nguo. Aliye na miaka sita hufurahia mpira au mwanasesere. Lakini kijana? Amekwisha kuuaga utoto, wala hajaufikia utu uzima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu kuwa mtoto hata atimize miaka 18, na ni haki. Lakini yeye mwenyewe hapendi kutendewa kitoto. Ndiyo maana wengi huona shida wanapopewa mstari mmoja tu katika orodha: “Msichana, miaka 15.” Basi. Hawajui kimo chake, wala shule yake, wala apendacho. Wafanye nini?

Kosa letu wenyewe

Kabla ya kuwafundisha wengine, yafaa tukiri kosa letu. Mwaka mmoja kundi letu lilikwenda kwenye makao ya watoto pembezoni mwa mji. Tulikuwa tumenunua vitu vya kuchezea kwa bei ya jumla Kariakoo, tukavifunga kwa karatasi za rangi, na juu yake tukaandika “mvulana” au “msichana”. Mvulana mmoja mrefu, mwenye sauti iliyokwisha kuwa nzito, alipokea kifurushi chake kwa mikono miwili kama alivyofunzwa. Akafungua, akakuta kigari cha plastiki. Hakununa. Alisema, “Asanteni sana,” kisha akamwita mtoto wa miaka minne hivi aliyekuwa amesimama karibu, akampa.

Tulipokuwa tukiaga, mama mlezi alitwambia kwa upole kwamba mvulana yule amemaliza shule ya msingi, na baada ya majuma machache ataingia Kidato cha Kwanza. Naye hakuwa na viatu vya shule. Fedha za vigari vyetu kumi zingalimpatia viatu na madaftari pia. Tulirudi nyumbani tumenyamaza. Siku ile mtoaji alikuwa yeye, wala si sisi. Maana yeye alimtazama aliye mbele yake, akampa kinachomfaa.

Wazee wetu walisema, asiyekujua hakuthamini. Twaitumia methali hiyo kumlaumu mtu wa mbali asiyetuheshimu. Lakini mbele ya kijana yule, mtu wa mbali tulikuwa sisi. Basi somo la leo ni hili: zawadi ya kijana usiyemjua huanza kwa kumjua, hata kama ni kidogo. Usipoweza kulijua jina lake, jua shule yake. Usipoweza kuiona sura yake, jua namba ya kiatu chake.

Mfano wa Mtakatifu Nikolao

Mtakatifu Nikolao, ambaye sikukuu yake huangukia tarehe 6 Desemba, alikuwa Askofu wa Mira, katika nchi iitwayo leo Uturuki, karne ya 4. Dunia ya biashara imemgeuza kuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na gunia la vitu vya kuchezea. Lakini mapokeo ya kale yasimulia habari nyingine. Palikuwa na baba aliyefilisika, mwenye binti watatu waliofikia umri wa kuolewa. Katika nchi ile upande wa msichana ndio uliotoa mali ya ndoa. Asiye na mali hakupata mume, na mabinti wale walikuwa katika hatari ya kuuzwa katika maisha ya aibu. Nikolao alisikia habari zao, akaenda usiku, akatupa mfuko wa dhahabu dirishani, akaenda zake. Akafanya hivyo kwa kila mmoja wao.

Angalieni mambo matatu. La kwanza, zawadi yake haikuwa ya watoto wadogo, bali ya vijana. La pili, alipeleleza kwanza shida yao ni nini, kisha akatoa kile hasa kilichopungua. La tatu, alikwenda usiku ili wasione haya. Mambo hayo matatu yatutosha kuwa kanuni.

Kwanza, tuulize

Kuuliza si ujinga. Mwanzoni mwa Majilio, si siku ya mkesha, mtu mmoja wa jumuiya amwendee mlezi wa makao, au katekista, au mwenyekiti wa jumuiya, akaulize. Maana si vijana wote wenye shida walioko katika makao. Makao ya Taifa ya Watoto Kurasini, wilayani Temeke, ni ya Serikali. Mengine yaangaliwa na masista, na mengine na watu wa madhehebu au wa binafsi. Lakini vijana wengi hulelewa na bibi katika chumba kimoja cha kupanga, nao hawapelekewi zawadi na mtu, kwa kuwa nyumba yao haina kibao mlangoni.

Mkiyaendea makao msiyoyajua, ulizeni pia kama yana leseni, kwani sheria ile ya mwaka 2009 yataka hivyo. Afisa Ustawi wa Jamii wa manispaa aweza kuwaambia. Kuuliza hivyo si kumdhania mtu uovu; ni kumlinda mtoto.

Maswali ya kumwuliza mlezi ni machache: Kijana ana umri gani? Yuko darasa gani, au anajifunza kazi gani? Avaa kiatu namba ngapi? Apungukiwa nini mwezi Januari? Kama namba ya kiatu haijulikani, mlezi achore unyayo wake juu ya karatasi, au akate uzi kwa urefu wa mguu. Kwa uzi huo waweza kwenda Kariakoo au soko la Tandika na kurudi na kiatu kinachoenea.

Tukazie neno hilo “Januari”. Noeli huja majuma machache tu kabla ya shule kufunguliwa. Tangu mwaka 2016 shule za sekondari za Serikali hazitozi ada kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na tangu mwaka 2022 nafuu hiyo ilifika Kidato cha Tano na cha Sita. Twashukuru. Lakini watu wengine wamedhani kwamba basi mambo yote yamelipwa. Sivyo. Sare, viatu, begi, madaftari na nauli ya daladala vimebaki juu ya mlezi. Na kijana aliyepangiwa shule ya bweni hupewa fomu ya kujiunga na shule, yenye orodha ndefu: godoro, shuka, ndoo, fagio na mengineyo. Ombeni kuiona fomu hiyo. Hamtapata mshauri bora kuliko hiyo, maana humo mahitaji ya kijana msiyemjua yameandikwa moja moja.

Pili, tuchague kitu cha umri wake

Kwa aingiaye sekondari, viatu vyeusi vya ngozi, begi imara, madaftari makubwa yenye jalada gumu na mkebe wa hisabati ni zawadi za heshima. Msinunue sare kabla ya kuuliza, kwa kuwa rangi za sketi, suruali na sweta hutofautiana shule kwa shule.

Yafaa kukumbuka pia kamusi. Watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na mara waingiapo sekondari hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Kijana mwenye akili njema huonekana mjinga kwa sababu ya maneno tu. Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, au nyingine iliyo nzuri, itakuwa mwenzi wake kwa miaka minne. Na apendaye kusoma apewe kitabu cha hadithi, kwa mfano riwaya za Shaaban Robert; maana kijana asiye na mzazi naye ana haki ya kufurahi, wala si kila zawadi iwe ya darasani.

Kwa msichana, jumuiya zetu huona haya kutaja jambo moja, na haya hiyo ina hasara. Msichana aliyebalehe ahitaji taulo za kike kila mwezi. Akikosa, hubaki nyumbani, na masomo humpita. Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya taulo hizo. Mwaka 2019 kodi ikarudishwa, kwa sababu ilionekana kwamba bei madukani haikushuka kama ilivyotumainiwa. Basi akina mama wa WAWATA walichukue jambo hili mikononi mwao: taulo za kutosha miezi kadhaa, nguo za ndani zilizo mpya, sabuni na mafuta, vyote katika mfuko usioonyesha kilichomo, na mama amkabidhi mlezi wa kike. Hakuna haja ya hotuba.

Kanga pia ni zawadi njema kwa msichana mkubwa. Lakini kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Na jina ndilo linalosema. Majina mengine ni vijembe vya mke mwenza au vya jirani. Someni jina kabla ya kulipa. Chagueni neno la baraka au la kutia moyo, ambalo msichana aweza kujifunga mbele ya watu bila kuulizwa ana ugomvi na nani.

Mvulana naye asisahauliwe katika usafi wake: nguo za ndani, mswaki, sabuni, kandambili, na kwa aliyeanza kuota ndevu, kiwembe chake mwenyewe. Huenda hayo yakaonekana madogo. Lakini kijana alalaye chumba kimoja na wenzake kumi hana vitu vingi awezavyo kusema, “Hiki ni changu.”

Tatu, tusimsahau mwenye kazi ya mikono

Si kila kijana yuko shuleni. Wako waliomaliza Kidato cha Nne wakingoja, na wako wanaojifunza ufundi, ama kwa fundi wa mtaani, ama katika chuo kama kile cha VETA kilichoko Chang'ombe, wilayani Temeke. Hao ndio wasahauliwao zaidi, kwa kuwa hawamo katika orodha ya madaftari. Mpeni mshona nguo mkasi mzuri na futi ya kupimia. Mpeni seremala nyundo au randa. Mpeni fundi umeme bisibisi na koleo zilizo imara. Ulizeni kwanza kwa mwalimu au fundi wake, naye atawaambia chombo gani kijana huazima kila siku kwa mwenzake.

Jambo hili si geni pwani yetu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanza misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliwapokea watoto na vijana waliokombolewa utumwani, ambao hawakujua ukoo wao wala asili yao. Hawakuwapa chakula tu. Waliwafundisha kusoma, kulima, useremala na uhunzi. Walijua kwamba kijana aliyepewa mkate hula leo, bali aliyepewa chombo na maarifa yake atakula mpaka uzeeni.

Nne, tuangalie namna ya kutoa

Zawadi njema yaweza kuharibiwa na mkono uitoao. Kwa hiyo twashauri haya.

Msipige picha za vijana wakipokea. Bwana wetu alionya juu ya wanaotangaza sadaka zao, kama tusomavyo katika Injili ya Mathayo, sura ya 6. Siku hizi tarumbeta imo mfukoni mwa kila mtu: ni simu. Msichana wa miaka 16 aliyepigwa picha akishika mfuko wa mchele, picha ile ikaenezwa mitandaoni, ataikuta Januari mikononi mwa wanafunzi wenzake. Mmempa mchele wa siku tatu, mkampa na aibu ya mwaka mzima.

Wapeni kwa usawa. Kama nyumbani mna vijana kumi na wawili, visiwe vifurushi kumi na kimoja. Mkipungukiwa, acheni zawadi za mtu mmoja mmoja, mkanunue kitu cha wote: mpira wa miguu na wa netiboli, bao, drafti, taa nzuri ya kusomea, au vitabu vya masomo vya kukaa kabatini.

Toeni kilicho kizima. Nguo ya mitumba si dhambi, nasi wenyewe twaivaa. Lakini ifuliwe, ipigwe pasi, na vifungo vyake viwepo. Kiatu kilichotoboka ambacho mwanao amekikataa, msikipeleke kwa mwana wa mwenzenu.

Msiulize dini kabla ya kutoa. Katika miji yetu Wakristo na Waislamu huishi ua mmoja, na kijana aliye katika orodha yenu aweza kuwa Hamisi au Yosefu. Apewe sawasawa, wala asidaiwe kuimba wimbo wa Noeli ndipo apate. Yeye aliyezaliwa Bethlehemu hakumwuliza mtu ukoo wake.

Tena, mambo yote yapitie kwa mlezi. Mtu mzima asijenge urafiki wa siri na kijana kwa njia ya zawadi, wala asimpe namba yake ya simu, wala asimwite nyumbani peke yake. Twajua wengi wana nia safi. Lakini wako wasio na nia safi, nao hutumia mlango uleule. Tukiufunga kwa wote, tutakuwa tumewalinda watoto, na tumelinda pia jina letu. Fedha nazo zikabidhiwe mlezi kwa stakabadhi, naye aeleze zimetumikaje.

Mwisho, pelekeni zawadi juma moja kabla ya sikukuu. Kiatu kisipoenea kitabadilishwa. Na kama mwaweza, gawanyeni mchango wenu: nusu Noeli, nusu mwezi wa Machi. Siku ya Noeli wageni ni wengi langoni. Mwezi wa Machi sabuni imekwisha, na lango li kimya.

Maneno ya kuandika

Wengi hutaka kuweka kadi, kisha hawajui waandike nini. Msiandike “Kwa mtoto maskini”, wala “Kwa yatima”. Msihubiri. Mistari miwili yatosha: mtakieni Noeli njema, mwambieni mmesikia anaanza Kidato cha Kwanza au anajifunza ushonaji, na kwamba jamaa yenu yamwombea. Akisoma hivyo atajua kwamba kuna mtu aliyefikiri habari zake yeye, wala hakununua vitu hamsini akavigawa kama karata. Hiyo ndiyo zawadi iliyo ndani ya zawadi.

Na katika kuchagua, waiteni wana wenu. Baba na mama waliopita miaka hamsini hawajui sana moyo wa mwenye miaka 15. Lakini mwana wenu aliye katika TYCS au kwaya ya vijana aujua. Mpeni karatasi, mwulizeni: “Kama ungekuwa wewe, ungependa nini, na nini kingekuaibisha?” Jibu lake litawashangaza, naye kwa kujibu atakuwa amejifunza sadaka kuliko kwa mahubiri marefu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na moyo huo hufunzwa nyumbani.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni kijana gani alelewaye na bibi au ndugu, ambaye hakuna anayemkumbuka sikukuu ikifika? Nani atamwendea mlezi wake juma hili?

2. Mwaka jana tulitoa nini? Je, kilifaa kwa umri wa waliopokea, au tulinunua kilichokuwa rahisi kwetu?

3. Nani kati yetu atakwenda kuiona fomu ya kujiunga na shule, na nani atabeba uzi wa kupimia kiatu?

4. Tumekubaliana nini juu ya picha?

5. Tutaweka akiba gani kwa ajili ya mwezi wa Machi?

Jadilianeni hayo mapema, mkiwa mmekaa na watoto wenu. Na mvulana au msichana yule msiyemjua atakapofungua kifurushi, na akute kiatu kinachoenea.